Hoja Iliyofungwa kwa Maombi

Wote, Jumanne, 14 Oktoba

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu moja: leo asubuhi Mhandisi Musyimi ameifunga hoja yangu kwa maombi, nami sina nia ya kumsamehe. Nataka kila atakalonitendea msimu huu liandikwe likiwa bado moto, ili siku ya kumlipa nisipunguze wala nisiongeze.

Nieleze mambo kwa utaratibu. Muungano wa wakulima wa ndengu wa Kitui na Makueni unaandaa kiwango kimoja cha ununuzi, kitakachotumika katika vituo vyake vyote. Kamati ya Usafi, inayoketi Kitui mjini, inaandika jinsi ndengu zitakavyopokelewa na kuchekechwa. Kamati ya Mizani, inayoketi hapa Wote, inaandika jinsi zitakavyopimwa. Mimi, Mutanu Ndululu, mwenye shahada ya takwimu na mkataba unaokwisha mwezi wa Februari, ni mratibu wa hoja baina ya kamati hizo. Yeyote anayeona kasoro katika rasimu huniletea. Naipa nambari, naifikisha kwa kamati inayohusika, naifuatilia hadi ijibiwe. Hoja huwa wazi, au huwa imefungwa. Hakuna hali ya tatu.

Hoja ya kumi na tisa niliifungua mwenyewe. Rasimu ya Kitui inaagiza ndengu zichekechwe kituoni na uzito wa takataka uondolewe. Rasimu yetu inaagiza kila gunia likatwe sehemu ya uzito kwa sababu ya takataka, kana kwamba hakuna aliyechekecha. Kila rasimu ikisomwa peke yake haina kosa. Zikitumika pamoja, mkulima anakatwa mara mbili kwa uchafu uleule.

Nilisimama nikalieleza hilo kwa adabu. Mutie, anayewawakilisha wanunuzi, alicheka hadi akashika kiti.

"Takataka ni moja, makasi ni mawili! Huyu msichana ametuweza!"

Mhandisi hakucheka. Ni mwenyekiti wetu, ni mzee wa kanisa letu, na ndiye aliyenipendekeza kwa kazi hii. Hadi leo nimekuwa nikimsifu nyumbani kama baba wa pili.

"Binti yangu," alisema, "umesoma vizuri, lakini umesoma jana. Hiyo maneno Kitui watarekebisha kwao. Wapendwa, wakati umetuacha. Tusimame, tufunge kwa maombi."

Nilikuwa bado nimesimama, karatasi mkononi. Wote wakafumba macho. Nani humpinga mtu aliyefumba macho? Alipotamka amina, viti vilisukumwa, watu wakaanza kuulizana habari za shamba, na Mhandisi akaninong'onezea akipita: "Ya kumi na tisa andika imefungwa."

Nimeandika imefungwa. Mkono ulitii. Mimi sikutii.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mawingu upande wa Mbooni. Hayakushuka.

Jumanne, 21 Oktoba

Katibu wa Kamati ya Usafi huko Kitui anaitwa Hasina Salim. Sijawahi kumwona. Namfahamu kwa barua pepe zake tu, na kwa hizo simpendi. Amewahi kunirudishia hoja kwa sababu sikutaja kifungu, na nyingine kwa sababu nilitaja kifungu bila kutaja ukurasa. Leo amenipigia simu.

"Hoja ya kumi na tisa kwako inasoma imefungwa. Imejibiwaje?"

"Imefungwa na mwenyekiti."

"Sijauliza nani. Nimeuliza imejibiwaje."

Niliitazama karatasi ya hoja; mahali pa jibu palikuwa patupu.

"Kwetu mwenyekiti hafungi hoja," alisema. "Aliyeifungua ndiye huifunga, akiridhika na jibu. Wewe uliifungua. Umeridhika?"

"Hapana."

"Basi kwangu iko wazi. Wewe andika unavyoambiwa." Akakata simu.

Mwanamke mwenye kiburi. Nimeichukia sauti yake mchana kutwa, hasa kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri. Ofisini hakuna aliyefanya kazi; kila mtu alikuwa kwenye simu akiuliza nyumbani kama wamepanda.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua tena.

Jumanne, 11 Novemba

Kikao cha pili cha Kamati ya Mizani. Niliiomba ajenda wiki nzima kabla, nikaiweka hoja yangu iwe ya kwanza. Mhandisi aliihamisha ikawa ya mwisho. Ilipofikiwa, watu walikuwa wakitazama madirisha kwa sababu mawingu yalikuwa yamejikusanya tena na wengine nguo zao zilikuwa kambani.

"Mwenyekiti, Kitui wanasema hawawezi kuondoa chekeche, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Tunaoweza kurekebisha ni sisi. Ni kufuta sentensi moja tu."

"Sentensi moja," alisema Mhandisi, akiwageukia wenzake. "Muungano umeahidiwa rasimu kabla ya Krismasi. Nikiifungua hii, kesho Mutie ataleta yake, kesho kutwa mwingine."

"Mimi sileti kitu, Injinia," alisema Mutie. "Mimi nimeshiba."

Wakacheka. Mhandisi akasimama, akainua mkono, na safari hii aliniombea kwa jina.

"Bwana, tunamleta mbele zako binti yetu Mutanu. Umemjalia akili. Mjalie na roho ya utulivu. Umfundishe kungoja, umfundishe kunyamaza, asije akawa jiwe katika njia ya kazi yako."

"Amina," wakasema wote.

Nami nikasema amina. Iliniponyoka kwa mazoea ya Shule ya Jumapili. Naweza kumsamehe mtu aliyenifunga mdomo. Huyu aliufungua mdomo wangu mwenyewe ukanihukumu, na kwa hilo atanilipa.

Baada ya kikao alinishika bega, akaniuliza kama mama amepata mbegu nzuri. Alikuwa anauliza kwa dhati. Hilo ndilo linalonichosha: si mtu mbaya wa kupanga ubaya. Ni mtu aliyezoea kwamba akifumba macho, dunia nzima hufumba pamoja naye.

Jumatano, 19 Novemba

Palizi imeanza. Ofisi nusu tupu.

Ijumaa, 28 Novemba

Mhandisi ameuandikia muungano kwamba hoja zote zilizoihusu Kamati ya Mizani zimefungwa na kwamba rasimu iko tayari kwa majaribio. Nakala nimeiona kwa sababu ni mimi niliyeipiga chapa. Nilimwambia, "Mhandisi, ya kumi na tisa Kitui bado wanaihesabu kuwa wazi." Akajibu bila kuinua macho, "Kitui wanahesabu hata mawe."

Kitui, Jumanne, 9 Desemba

Nimetumwa kuhudhuria kikao cha Kamati ya Usafi. Nilitarajia kumkuta mama mwembamba mwenye miwani. Hasina ni mnene, ana vicheko tele, na alinipokea mlangoni kwa birika la chai ya tangawizi.

"Wewe ndiye Mutanu wa nukta?"

"Mimi? Nilidhani wa nukta ni wewe."

"Mimi ni wa kurasa. Nukta ni zako, kila barua yako inanidai moja. Ingia, mwenzangu, unywe chai kabla hawa wazee hawajaimaliza."

Kikao chao kilifunguliwa na Mzee Ndolo, mwenyekiti wao na mlezi wa kanisa moja la mjini hapa, kwa sala ya Kikamba. Kilipokaribia mwisho, Hasina alisoma kila hoja iliyo wazi kwa sauti, moja moja, na kila moja ikajibiwa au ikaandikiwa sababu ya kubaki wazi. Alipofika kwenye yangu, alisema, "Mizani hawajajibu. Iko wazi." Hakuna aliyebisha. Kisha yeye mwenyewe akafunga kikao kwa dua, na Mzee Ndolo akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilimuuliza kwa nini mzee hakufunga mwenyewe ilhali ndiye aliyefungua.

"Anayefungua hafungi. Mtu mmoja akishika mlango wa kuingia na wa kutoka, ninyi wengine mmekuwa kuku." Alinimiminia chai. "Hata kwa kikao cha pamoja iko hivyo. Mwenyeji hufungua, mgeni hufunga. Na mgeni hafungi mpaka kila hoja iliyo wazi iwe imejibiwa. Iko kwenye utaratibu wa pamoja. Injinia wenu aliutia sahihi."

"Ameusoma?"

"Nimekwambia aliutia sahihi."

Tulicheka hadi Mzee Ndolo akatuuliza kama tumekula kitu. Nakiri nilimhukumu Hasina vibaya. Nilichokiita kiburi ni ukaidi, na ukaidi ndio ninaouhitaji.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi nyumbani, Nunguni. Baridi. Mhandisi alihubiri kanisani Wote, mama alisikiliza rekodi kwenye simu akasema, "Mtu wa Mungu kweli." Nilitoka nje.

Jumamosi, 10 Januari

Jua kali. Maganda ya ndengu yameanza kuwa meusi, yanakomaa. Kila mtu anafurahi.

Mbumbuni, Jumanne, 20 Januari

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Majaribio ya kiwango yalianza leo katika kituo cha Mbumbuni. Wanawake walifika asubuhi na magunia yao yakiwa safi, maana walikuwa wamepepeta nyumbani kwa siku kadhaa. Wa kwanza katika foleni alikuwa Mama Katunge, mwenyekiti wa kikundi chao. Ndengu zake zilimwagwa kwenye chekeche, kama rasimu ya Kitui inavyoagiza. Takataka iliyotoka ilitosha kiganja kimoja, ikapimwa, ikaondolewa. Gunia likapelekwa kwenye mizani. Karani wa mizani akasoma uzito, kisha akapunguza sehemu ya takataka, kama rasimu yetu inavyoagiza.

"Simama hapo," alisema Mama Katunge. "Umetoa nini sasa?"

"Takataka, mama."

"Takataka si ile pale chini? Si umeiona ikitoka?"

"Hiyo ni ya chekeche. Hii ni ya mizani."

"Aiya! Mizani nayo huwa na takataka yake? Basi ioshe!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, lakini kicheko hicho hakikudumu. Mwingine akapimwa, akakatwa vilevile. Wa tatu alikataa kushusha gunia. Muda si muda walikuwa wameizunguka meza, kila mmoja akisema lake.

"Mmekata mkia, sasa mnataka na ng'ombe?"

"Tumepalilia na migongo yetu, mnatukata na kalamu!"

Nilisimama kueleza. Nilikuwa nimeanza kusema kwamba kosa linajulikana na kwamba liliripotiwa tangu Oktoba, ndipo Mhandisi Musyimi alipowasili, amevaa kofia yake nyeupe. Aliwasalimu kina mama kwa Kikamba, mmoja mmoja. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akasema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mama zangu, sisi wa mizani tuliandika kazi yetu. Wa Kitui waliandika yao. Kuna mtu tulimwajiri, kazi yake ni moja tu, kupeleka maneno kutoka kwa hawa hadi kwa wale. Kama maneno hayakufika, muulizeni mratibu."

Akaninyooshea mkono. Kwa upole, kama anayenitambulisha arusini.

Mama Katunge alinisogelea. Alikuwa ameshika nakala ya rasimu, na ukurasa wa kwanza una jina langu.

"Wewe ndiye Mutanu?"

"Ndiyo, mwaitu," nilisema, kama ninavyomwita mama.

"Jina zuri. Mutanu, mtu wa furaha. Sasa umefurahi?"

Ningesema, 'Mwulize yeye,' lakini tayari alikuwa anapanga watu waungane mikono. Ndiyo, aliomba! Aliomba katikati ya mizani na magunia, akamwomba Mungu atulize mioyo, na kina mama wale, waliokuwa wanawaka moto, wakainamisha vichwa. Mimi sikufumba macho. Nilimtazama tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mama Katunge naye hakufumba. Tulitazamana juu ya vichwa vya wengine, na nadhani hapo ndipo aliponielewa.

Alhamisi, 22 Januari

Mhandisi ameziandikia kamati zote mbili. "Kutokana na udhaifu wa uratibu, hoja muhimu kuhusu makato haikuwasilishwa kwa wakati." Anapendekeza mkataba wangu usiongezwe. Safari hii hakunipa nipige chapa.

Ijumaa, 23 Januari

Nimempigia Hasina. Nilikuwa nimeandaa barua ndefu ya kujitetea, yenye tarehe zote. Nilimsomea.

"Nzuri," alisema. "Nani ataisoma?"

"Kamati zote."

"Wataisoma wakiwa wanakula. Injinia atajibu ya kurasa mbili, wewe utajibu ya tatu, mwezi utakwisha, na mkataba wako nao."

"Basi nifanye nini, dada? Sitaki aaibike kwenye barua. Nataka aaibike akiwa ameketi, watu wamemtazama, na hana pa kukimbilia."

"Mutanu, unataka haki ama unataka damu?"

"Zote mbili."

"Ya kwanza nitakusaidia. Ya pili ujitafutie." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunua sufuria: "Kikao cha pamoja kimechelewa. Mratibu ndiye hukiitisha. Na mwenyeji hufungua."

Nilielewa papo hapo. Kikao kikifanyika Kitui, Mhandisi atakuwa mgeni, naye mgeni hufunga. Atafumba macho, na hoja yangu itakufa mara ya nne. Sharti kifanyike Wote. Sharti yeye mwenyewe adai kiwe Wote.

Jumatatu, 26 Januari

Leo nimecheza kama sijawahi kucheza maishani. Niliingia ofisini kwa Mhandisi kwa unyenyekevu.

"Mhandisi, kwa kuwa tumekosana na wakulima, naona tuitishe kikao cha pamoja. Kitui wameomba kiwe kwao."

"Kwao? Kwa nini kwao?"

"Wana ukumbi mkubwa. Na Mzee Ndolo ni mkubwa wetu sote, huenda akapenda kuwa mwenyeji."

"Ndolo ni mkubwa wa nani?" Aliweka kalamu chini. "Kituo cha majaribio kiko Makueni. Mizani iko Makueni. Kikao kitakuwa Wote. Mwambie huyo mama wa Kitui apande gari."

"Watalalamika, Mhandisi."

"Walalamike!"

Nilishusha pumzi kama mtu aliyeshindwa. "Basi, kama mwenyeji, nikuandike kwa maombi ya kufungua?"

Uso wake ulilainika. "Niandike, binti yangu. Hilo umefikiria vizuri."

Sikusema uongo hata mmoja. Kitui waliomba kweli. Hasina alituma ombi hilo asubuhi, kwa maandishi, na ukurasa umetajwa.

Jumatano, 28 Januari

Mialiko imetoka. Nimewaalika pia wakulima watano wa Mbumbuni, kama utaratibu unavyoruhusu. Mama Katunge alipopokea simu yangu aliniuliza jambo moja tu: "Huko kuna kuomba tena?"

"Kupo, mwaitu. Lakini safari hii wa kufunga ni mwingine."

"Nitakuja na gunia," alisema.

Jumapili, 1 Februari

Kanisani Mhandisi alinisalimia kwa mikono miwili. Najiuliza kama ninachokifanya ni dhambi. Nimejijibu kwamba naweza kutubu Jumatano ya baada ya kikao.

Ijumaa, 6 Februari

Leo jioni, wakati naweka karatasi kabatini, Mhandisi aliingia ofisini kwangu. Hajawahi kuingia, huwa ananiita. Alifunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wageni, kofia magotini. Mkononi alikuwa na utaratibu wa pamoja, na kwa mara ya kwanza ulionekana umesomwa.

"Kitui wananiambia ya kumi na tisa iko wazi."

"Ndiyo, Mhandisi."

"Na kwamba asiyeifungua hawezi kuifunga."

"Ndiyo, Mhandisi."

Alitazama ukuta. Nilimwona amezeeka. Alisema muungano umeuliza maswali, kwamba barua yake ya Novemba imekumbukwa, kwamba amefanya kazi hii kwa uaminifu tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Yote ni kweli. Kisha akasema alilokuja kusema.

"Ifunge, binti yangu. Leo. Tutairekebisha sentensi kimyakimya baada ya mavuno. Na mimi nitaondoa ile barua. Mkataba wako utaongezwa. Nitausaini hapa hapa, mezani kwako."

Nitaandika ukweli: niliutamani. Kalamu yake ilikuwa tayari nje ya mfuko. Mama anaongea habari za mkataba huo kila wiki. Baada ya mavuno, alisema. Yaani baada ya magunia yote ya Mbumbuni kukatwa mara mbili. Ningempa alichotaka, ningebaki na kazi, na kila siku ya kazi hiyo ningekuwa nimefumba macho.

"Haifungwi hapa, Mhandisi."

"Mutanu." Hakusema binti yangu. "Unataka nini kwangu?"

"Nataka uijibu. Mbele ya kamati zote mbili, na mbele ya Mama Katunge, ambaye ulimwonyesha mimi. Ukijibu nikaridhika, nitaifunga mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alikunja utaratibu ule, akaukunjua tena. "Sawa. Tutazungumza, halafu nitafunga kwa maombi, yaishe."

"Mwenyeji hufungua, Mhandisi. Anayefunga ni Hasina Salim. Naye hafungi kabla hoja hazijakwisha."

Nilimwona akirudi nyuma, neno kwa neno, hadi Jumatatu ile alipodai kikao kiwe Wote. Nilikuwa nimengoja sura hiyo tangu Oktoba, nami siwezi kusema haikunipendeza.

Alisimama, akavaa kofia, akashika kitasa. Akauliza bila kugeuka:

"Umesema ni saa ngapi?"

"Jumanne, tarehe kumi, saa nne kamili asubuhi. Kiti chako ni cha mbele."